Mita Mia Mbili za Mwisho: Nguvu na Hila katika Mbio za Baiskeli, Kutoka Montreal Hadi Meatu

Mshindi wa mbio za baiskeli Usukuma husifiwa miguu. Watu wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, watakutajia mapaja yake, magunia ya pamba aliyobeba tangu ujana, madumu ya maji aliyoyafuata mbali wakati wa kiangazi na barabara ya vumbi aliyoizoea. Sifa hizo ni za haki, lakini zinamnyima nusu ya ushindi wake. Mbio nyingi huamuliwa karibu kabisa na utepe, na hapo mwenye nguvu kuliko wote hushindwa mara nyingi na yule anayejua wakati wa kuzitoa nguvu zake. Sprinti, yaani mbio za kasi fupi katika viwanja vya baiskeli, zina historia ya zaidi ya miaka 130 ya mvutano huo kati ya paja na kichwa. Naamini kabisa kwamba mtu wa Meatu au Bariadi akiisoma historia hiyo ataona mambo mengi anayoyajua tayari.

Baiskeli iliingia Usukuma na ikakua pamoja na pamba. Wakulima walipojenga vyama vyao vya ushirika miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele, na vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions, fedha ya msimu ilianza kununua vitu vya kudumu: mabati, ng'ombe, cherehani na baiskeli. Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ilikuwa fahari ya nyumba. Baadaye likaja jina la Swala, baiskeli iliyotengenezwa nchini, na Phoenix ya China ambayo hadi leo inabeba mkaa, magunia, wagonjwa na maharusi. Huko Shinyanga na Kahama baiskeli ikabeba hata abiria wa kulipa, ikaitwa daladala.

Itazame baiskeli hiyo inapoandaliwa kwa mashindano. Keria inafunguliwa, matgadi yanatolewa, kengele na stendi vinawekwa pembeni. Usukani unageuzwa chini juu ili mgongo uiname, siti inapandishwa, mnyororo unasafishwa na kupakwa mafuta. Kinachobaki ni fremu ya chuma, magurudumu mawili na gia moja. Hakuna kubadilisha wakati wa mlima wala wakati wa kukimbilia utepe. Mwenye gia moja akishika kasi mapema mno ataishiwa pumzi mbele ya macho ya watu, na akichelewa hataweza kuinua mwendo ghafla, kwa kuwa chuma ni kizito na gia ni ile ile. Kila uamuzi wake unabaki katika jambo moja: lini.

Baiskeli za sprinti za dunia nazo zina gia moja. Zaidi ya hapo hazina breki, na pedeli zake haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka. Wapandaji wawili huwekwa katika uwanja wa mviringo wenye kingo zilizoinuka, ambao kwa sasa kawaida huwa na mita 250, wakazunguka mara tatu. Wa kwanza kukata mstari ndiye mshindi, hata kama muda wake ni wa kuchekesha. Mizunguko ya mwanzo inaweza kwenda polepole kama matembezi ya jioni. Kasi halisi hutokea mwishoni, na tangu zamani saa imekuwa ikipima mita 200 za mwisho tu.

Chanzo cha hila ni upepo. Katika kasi ya kilomita 70 kwa saa, karibu nguvu zote za mpandaji huishia katika kuisukuma hewa, na nguvu inayohitajika hupanda kwa haraka kuliko kasi yenyewe: kutoka kilomita 60 hadi 72 kwa saa kunahitaji nguvu zaidi ya asilimia 70 juu ya zile za mwanzo. Anayekaa nyuma ya mwenzake anasukumiwa hewa na mwenzake. Lipo pia suala la mwili, kwamba misuli hutoa nguvu yake ya juu kabisa kwa sekunde chache tu, kisha inaanza kushuka. Ndiyo maana wapandaji wengi hawataki kutangulia. Anayetangulia hamwoni adui, anamkatia upepo, na anampa nafasi ya kuchagua.

Mashindano ya dunia ya sprinti yalianza Chicago mwaka 1893. Miaka 6 baadaye, mjini Montreal, bingwa alikuwa Marshall Taylor, aliyeitwa Major, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878. Nadhani kila mpanda baiskeli wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua jina hili. Nchini kwake, katika mbio za watu wengi, wapandaji weupe waliungana dhidi yake: mmoja mbele, mmoja ubavuni, wakamfungia katikati ili asipate pa kupita. Taylor akajifunza kuona upenyo kabla haujafunguka na kuruka ndani yake kwa mpigo mmoja. Alikuwa na nguvu nyingi, lakini kilichomwokoa ni jicho. Mwaka 1901 alikwenda Paris kupambana na Mfaransa Edmond Jacquelin, aliyeogopwa kwa mruko wake wa ghafla. Tarehe 16 Mei, katika siku ya baridi, Taylor alishindwa. Tarehe 27 Mei walirudiana, na Taylor akashinda.

Hila zikizidi huua mchezo, na London mwaka 1908 ilishuhudia hilo. Katika fainali ya Olimpiki waendeshaji wanne walitegeana, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie, huku wawili kati yao wakipata pancha. Walipokata mstari, muda uliowekwa wa dakika 1 na sekunde 45 ulikuwa umepita. Waamuzi wakafuta mbio, na medali hazikutolewa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia jina lililotawala lilikuwa la Reg Harris wa Uingereza, bingwa wa dunia wa wapandaji wa kulipwa mwaka 1949, 1950, 1951 na 1954. Harris alipanda Raleigh, na kampuni hiyo ikaitumia picha yake katika matangazo. Hapa historia mbili zinagusana: kiwanda kimoja cha Nottingham kiliunda baiskeli ya bingwa wa dunia na pia ile nzito, nyeusi, iliyobeba pamba hadi kwenye ghala la chama.

Kisha ukaja wakati wa kusimama. Mpandaji anayetaka kumlazimisha mwenzake atangulie husimama papo hapo juu ya baiskeli bila kugusa chini, akiishika mizani kwa kusogeza pedeli mbele na nyuma kwa upana wa kidole. Katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, Giovanni Pettenella wa Italia na Pierre Trentin wa Ufaransa walisimama hivyo kwa dakika 21 na sekunde 57. Mwaka 1968 mjini Varese, Pettenella huyo huyo alisimama na Mwitalia mwenzake Sergio Bianchetto kwa zaidi ya saa nzima, hadi Bianchetto akazimia. Ni ajabu kwamba mchezo wa kasi ulifikia hapo, lakini ninamheshimu kila aliyeweza. Misuli ya mguu inayotetemeka kwa kusimama nayo inachoka, na macho yanatakiwa yasimwache adui hata nukta moja. Sheria za baadaye zimebana: kusimama sasa kunaruhusiwa kwa sekunde 30 tu.

Daniel Morelon wa Ufaransa, bingwa wa Olimpiki mwaka 1968 na 1972, alikuwa fundi mkubwa wa kizazi hicho. Aliyefuata kwa ukuu alitoka Japani: Koichi Nakano, aliyelelewa na keirin, mbio za kamari zilizoanza mwaka 1948, akashinda ubingwa wa dunia wa wapandaji wa kulipwa mara 10 mfululizo, kuanzia 1977 hadi 1986. Wanawake walisubiri muda mrefu. Sprinti yao iliingia Olimpiki mwaka 1988 tu, mjini Seoul, na Erika Salumäe akatwaa dhahabu.

Tangu hapo paja limepanda thamani. Sababu mojawapo ni gia. Zamani mpandaji alitumia gia ndogo, akaweza kuruka ghafla kutoka karibu na kusimama. Wa leo hutumia gia kubwa zaidi, inayochelewa kuamka lakini ikishaamka haikamatiki, kwa hiyo mashambulizi huanza mbali, wakati mwingine mzunguko mzima kabla ya mstari. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Mholanzi Harrie Lavreysen alipita mita 200 kwa sekunde 9.088, akaondoka na medali 3 za dhahabu. Agosti 2025, mjini Konya, Uturuki, Matthew Richardson wa Uingereza akawa wa kwanza kushuka chini ya sekunde 9, kisha akafikisha 8.857. Hiyo ni zaidi ya kilomita 81 kwa saa, kwa miguu ya mtu.

Je, kichwa kimeachwa? Hata kidogo. Mita 200 za mchujo, za kutafuta nafasi, hupandwa peke yako, lakini mbio zinazofuata hupandwa na mtu ubavuni. Kuna mstari mwekundu sentimita 85 kutoka ukingo wa ndani wa uwanja. Ukianza kukimbia ukiwa ndani yake ukiongoza, huruhusiwi kutoka kumzuia mwenzako, naye haruhusiwi kukupita kwa ndani. Anayewahi njia hiyo anamlazimisha mwenzake azunguke kwa nje, njia ndefu zaidi, kwenye kona iliyoinuka. Nusu sekunde ya kusitasita inaweza kufuta miezi ya mazoezi ya kunyanyua vyuma.

Kuzihifadhi nguvu hadi wakati wake ni elimu ambayo Usukuma imeitukuza kwa njia nyingine. Tangu karne ya 19, wafuasi wa Ngika na Gumha, yaani Wagika na Wagalu, wameshindana kwa ngoma baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Manju mwenye akili hatoi kila alichonacho mapema. Humwangalia mpinzani, huuangalia umati, huuacha upande wa pili uchoke, ndipo anapofungua wimbo au kitendo alichokificha. Umati ukishahama, kuurudisha ni kazi. Katika tamasha la Simiyu Jambo mjini Bariadi, enzi za mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, mbio za baiskeli na ngoma za Wagika na Wagalu ziliwekwa katika sherehe moja, na kwangu mimi huo ulikuwa uamuzi wa busara, maana mashindano yote mawili yanapima jicho la aina moja.

Kinachokosekana ni uwanja. Mashindano makubwa ya Kanda ya Ziwa, kama yale ya Vodacom yaliyovuma Mwanza, yalikuwa ya barabarani na ya masafa marefu, na CHABATA, chama cha mchezo huu nchini, kimeishi kwa mbio za namna hiyo. Huko nako mwisho ni sprinti. Biniam Girmay wa Eritrea alionyesha ulimwengu hilo: mwaka 2022 alishinda Gent–Wevelgem kwa kuanza mapema kabla wenzake watatu hawajajipanga, na mwaka 2024 akashinda hatua 3 za Tour de France na jezi ya kijani. Septemba 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Vijana wetu wamesogezewa dunia hadi mlangoni, lakini bado wanafundishwa kuvumilia tu.

Kujenga uwanja wa mbao wenye kingo ni gharama ambayo wilaya haiwezi kubeba, na haihitajiki kuanzia hapo. Katika michezo ya nyanda za juu za Scotland, baiskeli hukimbizwa hadi leo juu ya nyasi za uwanja wa kawaida, katika duara lililochorwa kwa chokaa. Uwanja wa mpira wa shule moja ya Mwanhuzi unatosha kwa kazi hiyo, kiangazi, ardhi ikiwa imekauka na kushikana. Pigwe mstari wa mita 200, kila kijana apimwe peke yake kwanza, wasichana na wavulana, kwa baiskeli ile ile ya nyumbani iliyofunguliwa keria. Wenye muda unaokaribiana wapangwe wawili wawili, ipigwe kura nani atangulie, na mwamuzi asimame katikati kuhakikisha hakuna anayemziba mwenzake. Wapande mara mbili, wakitoka sare wapande ya tatu, na anayetoka ahojiwe pale pale na mwalimu wake: ulimwona wapi, ulianza lini, kwa nini hapo.