Nani Amfundishaye Mwalimu wa Uraia?

Msomaji kijana, huenda hujapata kujiuliza mwalimu wako wa Historia na Serikali aliyapata wapi hayo akufundishayo. Wamwona akisimama mbele ya ubao akieleza kazi za Seneti na za serikali za kaunti, nawe wadhani kwamba aliyajua yote siku alipotoka chuoni. Sivyo. Mwalimu aliyehitimu mwaka 2005 hakufundishwa chuoni namna kaunti 47 zinavyotawaliwa, kwa kuwa hazikuwapo. Seneti nayo ilikuwa imekwisha kuvunjwa tangu mwaka 1966. Katiba iliyoyaleta mambo hayo ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, na shule zilipofunguliwa mwalimu yule alitakiwa ayafundishe. Mwenziwe wa hesabu hapatwi na taabu hii, maana pembetatu haiongezewi pembe kwa kura ya maoni.

Basi mwalimu wa uraia hana budi kurudi kuwa mwanafunzi mara kwa mara. Lakini nani atamfundisha, na kwa fedha za nani? Sisi tukaao Nyeri, iwe Skuta, Ruring'u au King'ong'o, tuna vyuo vya waalimu karibu nasi, Kagumo na Kamwenja, na yatupasa kujua kwamba swali hili lilipata kuulizwa katika nchi hii ya Mlima Kenya kwa ukali mkubwa.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie, na mkuu wake wa kwanza alikuwa James Dougall. Jina hilo lilitoka kwa Anna Jeanes, bibi tajiri wa Philadelphia aliyetoa mali yake kuzisaidia shule ndogo za watu weusi wa kusini ya Marekani. Mwalimu wa kwanza wa mpango wake, Virginia Randolph, alianza kazi mwaka 1908 katika jimbo la Virginia. Alikwenda shule hadi shule akiwaonyesha waalimu wenzake namna ya kufundisha. Mfano huo ndio ulioletwa Kabete. Waalimu waliokwisha kufanya kazi waliitwa warudi masomoni, wakaja na wake zao, wakakaa katika nyumba ndogo zenye bustani, na walipomaliza walipewa shule za vijijini wazizungukie na kuzisimamia.

Sitaki uidharau kazi ile. Kumtoa mwalimu kijijini, kumpa nafasi ya kusoma pamoja na wenziwe, kisha kumrudisha awafundishe waalimu wengine, ni mpango wa busara ambao hata leo twauhitaji. Lakini tazama walichofundishwa juu ya uraia. Walijifunza usafi wa maji na wa choo, ukulima bora, ufundi wa mikono, malezi ya watoto. Machoni pa serikali ya kikoloni raia mwema alikuwa mtu mwenye choo kisafi, alipaye kodi na kumtii chifu. Kumchagua amtungiaye sheria hakukuwamo katika somo. Mwafrika wa Kenya hakupata kumpigia kura mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria mpaka Machi 1957, na hata wakati huo Mkikuyu, Mwembu au Mmeru aliyetaka kupiga kura alidaiwa kwanza cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Mwalimu angefundishaje haki ambayo yeye mwenyewe hakuwa nayo?

Jibu la pili lilitoka kwa wazazi. Mwaka 1929 ulizuka ugomvi mkubwa baina ya Wakikuyu na misheni kadhaa, pamoja na ile ya Kiskoti iliyokuwa na kituo chake Tumutumu, upande wa Karatina. Ugomvi ulianza kwa sababu ya tohara ya wasichana, jambo ambalo sheria ya leo yalikataza, na mimi sina haja ya kulitetea. Lakini wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, wakajenga zao wenyewe. Vyama viwili vikaziongoza shule hizo: KISA, ambacho Johana Kunyiha alikuwa rais wake, na Karing'a.

Kujenga shule si kazi ngumu kama kupata mwalimu. Vyuo vilikuwa mikononi mwa misheni na serikali, na shule hizi za wananchi zilibaki na waalimu wachache wenye mafunzo. Mwaka 1938 Peter Mbiyu Koinange alirudi kutoka masomoni ng'ambo. Masomo yake ya Marekani aliyaanzia Hampton, katika jimbo la Virginia, jimbo lile lile la Virginia Randolph. Vyuo viwili vilivyotofautiana sana katika nchi yetu vina mzizi uliopitia udongo mmoja. Mwaka 1939 kilifunguliwa Chuo cha Waalimu cha Githunguri, na Koinange akawa mkuu wake. Fedha za kujengea zilichangwa na marika ya Kikuyu, rika moja likishindana na jingine, na wanawake nao wakachangia bweni la wasichana. Hebu fikiri maana ya jambo hili. Watu wasio na kura waliketi, wakakubaliana mchango, wakaulinda, wakadai hesabu yake. Mwanafunzi wa Githunguri alikuwa na somo la uraia mbele ya macho yake kabla ya kufungua kitabu.

Jomo Kenyatta, aliyerudi kutoka Uingereza mwaka 1946, alikuja kuwa mkuu wa chuo hicho baada ya Koinange. Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari. Kenyatta alikamatwa, chuo kikafungwa, na shule za wananchi zikafungwa au kukabidhiwa wengine. Mwaka 1953, katika Githunguri hiyo hiyo, zikasikilizwa kesi za mauaji ya Lari.

Baada ya uhuru, tume ya Profesa Simeon Ominde ilisema mwaka 1964 kwamba elimu iwaunganishe Wakenya kuwa taifa moja. Neno jema, lakini mafunzo ya waalimu walio kazini hayakugawanywa sawasawa. Tangu mwaka 1998 waalimu wa hesabu na sayansi walipata mpango wao, kwa msaada wa Japani. Mwalimu wa uraia hakupata cha kulingana nacho, ingawa katika mwaka wa uchaguzi wengi katika waalimu huitwa kusimamia vituo vya kura na kufundishwa kwa haraka namna ya kuzihesabu.

Mwaka 2021 Tume ya Kuajiri Waalimu ilitangaza kwamba kila mwalimu atasoma mafunzo ya kazini kwa vipindi vya miaka mitano mitano, akilipa shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Waalimu walilalamika sana, na shauri likafika mahakamani. Naona walikuwa na haki kuhusu fedha. Kuhusu kusoma kwenyewe, hapana. Na ningependa malalamiko yale yangeuliza pia ni nini kitakachofundishwa, kama wazee wa marika walivyouliza.

Ile Shule ya Jeanes ya Kabete ilikwisha mwaka 1961, mahali pake pakawa chuo cha watumishi wa serikali, ambacho leo ni Shule ya Serikali ya Kenya. Maofisa wa wizara na wa kaunti hupelekwa huko kusoma Katiba na utawala bora kwa gharama ya umma, palepale alipokaa mwalimu wa kijiji na mkewe na bustani yao.