Suzuki GSX-8R: Wanaoiendesha Wanasemaje, na Je, Inatufaa Mbeya na Iringa?

Unapanda Kitonga nyuma ya lori la Zambia linalotambaa polepole. Mbele kuna kona, pembeni kuna korongo. Hapo kichwani kunabaki maswali mawili tu: nikivuta mafuta itatoka? Na nikishika breki itasimama?

Hayo ndiyo maswali ya kuanza nayo kabla hujavutiwa na rangi na mlio wa pikipiki yoyote ya michezo. Vijana wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaziona kwenye simu na kuziota. Moja ya zinazozungumzwa sana kwenye daraja la kati ni Suzuki GSX-8R. Tumekusanya yanayosemwa na waliokwisha kuiendesha nje, kisha tukayapima kwa barabara zetu.

Kwa kifupi

- Ni pikipiki ya lami yenye sura ya mashindano lakini mkao wa safari.
- Inasifiwa kwa injini laini na starehe.
- Inalalamikiwa kwa uzito, breki zisizong'ata haraka na vifaa vichache vya kurekebisha.
- Kwetu kikwazo kikubwa siyo milima. Ni matairi, spea, fundi na matuta.

Ni chuma gani hiki?

Suzuki waliionyesha kwa mara ya kwanza Novemba 2023 kwenye maonyesho ya EICMA, Milan, Italia. Ikaingia sokoni 2024.

Injini ni ya cc 776, silinda mbili zilizopangwa sambamba, ya kupozwa kwa maji. Inatoa nguvu ya farasi 83. Boxer ya cc 150 inatoa kama 12. Uzito wake ikiwa na mafuta ni kilo 205, kiti kiko sentimita 81 kutoka chini, na tenki linabeba lita 14.

Ina ABS, ina mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze ukivuta mafuta, ina mitindo mitatu ya nguvu ya kuchagua, na unabadili gia kupanda au kushuka bila kushika klachi.

Kwa nini za daraja hili zimebadilika?

Zamani ukisema pikipiki ya michezo ya kati, watu walielewa cc 600 yenye silinda nne, kama Yamaha R6. Ile ilikuwa kali kweli, lakini nguvu yake kamili ilipatikana injini ikizunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Barabarani unafika huko lini? Mkao nao ulikuwa wa kujikunja kama uko uwanja wa mashindano.

Sheria za moshi za Ulaya zikabana, wanunuzi wakapungua, na R6 ikaacha kuuzwa Ulaya kama pikipiki ya barabarani baada ya 2020. Kampuni zikageukia injini za silinda mbili au tatu zinazovuta mapema, zenye bei ya chini na mkao wa kibinadamu. GSX-8R ni mtoto wa mabadiliko hayo.

Wanaoisifu wanasemaje?

Hoja tatu zinajirudia.

*Injini inavuta mapema.* Nguvu ya msokoto, ile inayokusukuma mgongoni, inafika kileleni kwenye mizunguko 6,800 tu, na inaanza kusikika mapema zaidi ya hapo. Huhitaji kuipigisha kelele ndipo iende.

*Haichoshi.* Mikono ya usukani imeinuliwa, haikulazishi kifuani kwenye tenki. Wengi wanasema unaweza kukaa nayo saa kadhaa bila viganja kufa ganzi.

*Inashika barabara vizuri.* Shokapu za Showa, mbele na nyuma, zinasifiwa kwa kutuliza pikipiki kwenye kona bila kukurusha kwenye mashimo madogo.

Wanaolalamika je?

*Uzito.* Kilo 205 siyo mwisho wa dunia, lakini Yamaha R7 ina 188. Tofauti hiyo unaisikia unapoisukuma gereji au unapogeuza mahali pembamba.

*Breki za mbele.* Zinasimamisha, ila baadhi wanasema haziumi haraka. Lazima ukamue.

*Vitu vya kurekebisha ni vichache.* Fomu ya mbele huwezi kuibadili ugumu. Ya nyuma unarekebisha mkazo wa springi tu.

*ABS haijui kama umelala kwenye kona.* Pikipiki za bei ya juu zina kifaa kinachopima pikipiki imeinama kiasi gani kabla ya kusaidia breki. Hii haina. Kona ya Mlima Nyoka ikiwa imelowa, breki unamaliza kabla ya kuinama, siyo katikati.

Na wapinzani wake?

Yamaha R7 ilitoka 2021. Ina cc 689, nguvu ya farasi kama 73, ni nyembamba na nyepesi. Wapenda kona wanaipenda sana. Lakini mkao wake unaweka uzito mwingi kwenye viganja, kiti kiko juu zaidi (sentimita 83.5), na ile ya mwanzo ilitoka bila mfumo wa kuzuia tairi kuteleza.

Triumph Daytona 660 ilikuja 2024 na silinda tatu, farasi 95 na kilo 201. Wanaoisifu wanataja mlio na nguvu ya juu. Mkao wake nao ni wa safari kuliko mashindano.

Kwa hiyo ukiziweka pamoja: R7 ni ya anayetaka kucheza, Daytona ni ya anayetaka kasi na mlio, GSX-8R ni ya anayetaka kufika mbali bila kuumia mgongo.

Sasa twende kijiweni

Pikipiki mpya ikipaki kijiweni, maswali huwa yale yale. Tuyajibu moja moja.

1. Inapanda mlima?

Inapanda, tena vizuri. Lakini kuna jambo ambalo matangazo hayakwambii.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Maana yake farasi 83 za kwenye karatasi zinabaki kama 69 ukiwa Mbeya. Boxer nayo inakatwa hivyo hivyo, kutoka 12 hadi 10.

Tofauti ipo kwenye mafuta. Pikipiki ya kabureta haijui kama umepanda juu. Inaendelea kumwaga petroli ile ile kwenye hewa kidogo, ndiyo maana ukitoka Kyela kwenda Uyole inaweza kuanza kuwa nzito na plagi kuwa nyeusi. GSX-8R inatumia mfumo wa kielektroniki unaopima hewa na kupunguza mafuta wenyewe. Nguvu inapungua, ila injini haichafuki.

Kwa kupita lori Kitonga, ule uvutaji wa mapema ndio unaotakiwa. Unatoka kwenye mwendo wa 30 bila kuanza kushusha gia tatu. Hiyo haimaanishi upite kwenye kona. Unasubiri uone mbele kweupe, kisha unamaliza haraka.

2. Inakula mafuta kiasi gani?

Kwa vipimo vya kiwandani ni lita 4.2 kwa kilomita 100, yaani karibu kilomita 24 kwa lita. Bodaboda ya cc 125 au 150 inakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kama hesabu yako ni ya kazi ya kila siku, jibu umeshalipata.

Tenki la lita 14 kwa hesabu hiyo linakupa kama kilomita 330. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na ukivuta sana au upepo wa Makambako ukikupiga usoni, mafuta yanaisha kabla. Usijaribu bahati. Jaza Mafinga au Makambako.

3. Spea zipo?

Hapa ndipo ndoto nyingi zinapokufa.

Bodaboda ikipata shida Igawa, fundi yuko hatua chache, tyubu ipo dukani na cheni ipo. GSX-8R inatumia tairi pana zisizo na tyubu: mbele 120/70, nyuma 180/55, zote za rimu ya inchi 17. Hizo si tairi za kukuta zimening'inia kwenye duka la spea za bodaboda. Ikipasuka vibaya, unasubiri iagizwe.

Mfumo wake wa umeme nao unahitaji fundi mwenye kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta. Bisibisi na uzoefu pekee havitoshi. Kabla hujalipa, muulize anayekuuzia maswali haya: tairi nitapata wapi, kwa muda gani? Pedi za breki je? Chujio la oili? Nani ataisoma ikiwasha taa ya hitilafu?

Akianza kuzungukazunguka, umepata jibu.

4. Bei ikoje?

Marekani ilitangazwa kwa dola 9,439 ilipoingia sokoni. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni karibu milioni 24, kabla ya meli, ushuru, usajili wa TRA na bima. Ni thamani ya bodaboda mpya kadhaa zinazoingiza hela. Weka pembeni pia ya matairi, helmeti ya maana, koti, glavu na viatu. Ukinunua pikipiki hela ikaisha hapo hapo, hujamaliza kununua.

Barabara zetu zinasemaje?

Barabara ya TANZAM kutoka Iringa, Mafinga, Makambako, Igawa hadi Mbeya na Tunduma ni lami ndefu yenye kona tamu. Pia ni njia ya malori ya Zambia, Kongo na Malawi. Malori mazito hukandamiza lami hadi ikatengeneza mifereji ya matairi. Ukiingia kwenye mfereji ule na tairi pana, pikipiki inavutwa upande. Pita katikati ya mstari wako ukiwa mtulivu, usipambane na usukani.

Matuta na rasta za vijijini ni jambo jingine. Tumbo la GSX-8R liko sentimita 14.5 tu kutoka ardhini. Tuta refu la kujengwa kienyeji linaweza kukwangua chini. Punguza kabisa.

Mwendo nao una mipaka. Vijiji kandokando ya barabara ni vingi, na mwisho wa mwendo kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Chuma hiki kinafika 50 ukiwa bado gia ya kwanza. Trafiki mwenye tochi hajali una farasi wangapi, na mtoto anayevuka barabara hajui kabisa.

Kisha hali ya hewa. Unatoka Ruaha Mbuyuni jua linachoma, ukimaliza Kitonga unaanza kusikia ubaridi wa Ilula. Uyole kwenda Tukuyu ukungu na mvua ni kawaida. Juni na Julai vidole vinaganda, na vidole vilivyoganda havishiki breki kwa wakati. Glavu hapo si urembo. Tairi za lami nazo zinahitaji kupata joto kwanza, kwa hiyo asubuhi ya baridi kilomita za mwanzo nenda polepole.

Umetoka kwenye bodaboda? Soma hapa

Ujuzi wa bodaboda unasaidia kusoma barabara, ila hautoshi.

- Ukiwa umezoea breki ya mguu, jifunze upya. Kwenye pikipiki hii kazi kubwa ya kusimama inafanywa na breki ya mbele, kwa kukamua taratibu kisha kuongeza.
- Kushuka Kitonga au Iwambi, tumia gia ya chini injini ikushike. Usishuke ukiwa umening'inia kwenye breki.
- Anza na mtindo wa C, ule mpole kuliko yote. Kwenye mvua usizime mfumo wa kuzuia kuteleza.
- Mshikaki sahau. Kiti cha nyuma ni kidogo, ni cha mtu mmoja, tena kwa safari fupi.
- Hakikisha leseni yako ina daraja linaloruhusu pikipiki ya ukubwa huo, na bima iwe hai.

Kwa hiyo, inunuliwe na nani?

Kama maisha yako ni lami, una uzoefu, una bajeti ya matairi na una mtu wa uhakika wa spea, GSX-8R inaendana na Iringa–Mbeya kuliko R7. Starehe na uvutaji wa mapema ndivyo vinavyohitajika huku, kuliko farasi za ziada.

Kama wikiendi unaingia vumbi kwenda shamba au kijijini, iache. Suzuki wana V-Strom 800DE yenye injini hiyo hiyo ya cc 776, lakini tumbo liko sentimita 22 juu, tenki ni lita 20 na tairi la mbele ni la inchi 21. Haivutii macho sana kwenye picha, ila tuta la kijijini haitaliogopa.

Na kama unataka pikipiki ya kukuingizia hela, baki na ya cc 125 au 150. Hiyo fundi wake yupo kila kijiwe, kuanzia Ilula hadi Tunduma.