Meli Iliyonunuliwa kwa Mahubiri

Mwaka 1891 Mjerumani mwenye fedha kidogo mfukoni angeweza kununua tiketi ya bahati nasibu akiwa na matumaini mawili kwa mpigo: yeye ajishindie donge nono, na Mwafrika afunguliwe minyororo. Ilikuwa bahati nasibu ya kupinga utumwa. Fedha zake zilisaidia kupatikana kwa meli ya mvuke Hermann von Wissmann, iliyoshushwa majini Ziwa Nyasa mwaka 1893. Makao yake yakawa Langenburg, boma jipya la Wajerumani kwenye ghuba ya Lumbila, chini ya Milima ya Livingstone, kusini-mashariki ya fukwe za Matema na Kyela.

Tiketi hizo zisingenunulika kama watu hawakuwa wamekwisha kuhubiriwa. Mhubiri mkuu alikuwa Mfaransa, Kadinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers na mwanzilishi wa shirika la Mapadri Weupe. Mwezi Mei 1888 Papa Leo wa 13 alitoa waraka wa kulaani utumwa, na miezi michache iliyofuata Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri: Julai mosi alikuwa Paris, mwisho wa mwezi huohuo London, na katikati ya Agosti Brussels. Mapadri wake waliokuwa Tanganyika na Nyanza walimwandikia waliyoyaona, naye akayapandisha mimbarini: misafara, minyororo, mifupa ya waliokufia njiani. Habari hizo hakuzitunga. Ila aliozungumza nao hawakuwa watumwa wala waliowauza. Walikuwa waumini wa Ulaya, na kila kundi alilipa maneno yake. Kwa Wafaransa aligusa fahari ya Ufaransa. Kwa Waingereza alisifu kazi ya Livingstone, ingawa huyo alikuwa Mprotestanti.

Ujerumani ilikuwa na ugumu wake. Katika miaka ya 1870 serikali ya Kansela Bismarck ililibana Kanisa Katoliki, ikafunga nyumba za watawa na hata kuwatia ndani maaskofu. Wakatoliki wengi walikuwa bado na donge hilo moyoni, na makoloni ya Bismarck hawakuyashabikia. Kampeni ya utumwa ikawafungulia mlango. Tarehe 27 Oktoba 1888, katika ukumbi wa Gürzenich mjini Köln, Wakatoliki na Waprotestanti walikaa pamoja kulizungumzia jambo moja, tukio lisilo la kawaida katika nchi ile. Baada ya hapo kila upande ukarudi kwa watu wake. Wakatoliki waliunda chama chao cha Afrika na kuanzisha jarida lililoitwa Gott will es!, yaani Mungu ndivyo atakavyo, kilio cha wapiganaji wa Vita vya Msalaba wa karne ya 11. Waprotestanti nao walikuja kuwa na chama chao mwaka 1893.

Jina la jarida hilo lilikuwa limekwisha kumtaja adui. Vita vya Msalaba vilipiganwa dhidi ya Waislamu, na katika kampeni hii mfanyabiashara ya watumwa alichorwa daima kama Mwarabu Mwislamu. Kwa mkulima wa Westfalia aliyesoma jarida hilo baada ya misa, mambo yalinyooka: huku msalaba, kule mwezi mwandamo, katikati Mwafrika anayelia. Kwamba Wazungu walikuwa wamevusha watumwa Atlantiki kwa karne kadhaa, tena wakiwa na makasisi melini, halikuwa jambo la kuchangisha fedha.

Bismarck hakuwa mtu wa machozi, lakini hesabu za bunge alizijua. Agosti 1888 pwani yetu ilikuwa imelipuka. Kampuni ya Wajerumani ilipojitwalia forodha na kupandisha bendera yake Pangani, Abushiri bin Salim al-Harthi na wenzake waliinuka, nao watu wa mijini na wa mashambani, wengi wao wasio na tone la damu ya Kiarabu, wakajiunga. Mjini Berlin vita hivyo viliitwa uasi wa Waarabu, nao Waarabu, kila msomaji wa jarida alijua, ndio wauza watumwa. Desemba mwaka huo Ludwig Windthorst, kiongozi wa chama cha Wakatoliki na hasimu wa Bismarck wa siku nyingi, alipeleka bungeni hoja ya kupambana na biashara ya utumwa. Januari 1889 bunge likaidhinisha mark milioni 2 za kukomesha biashara hiyo na kulinda maslahi ya Wajerumani Afrika Mashariki. Hayo mambo mawili yaliandikwa katika sheria moja. Hermann Wissmann, ambaye meli ilikuja kupewa jina lake, akapewa fedha na madaraka, akaandikisha askari wa Kisudani na wengine kutoka Msumbiji, na kufikia tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alikuwa amenyongwa Pangani.

Tuje sasa kwenye ziwa, maana huku utumwa ulikuwapo kweli, na makala yoyote inayoibeza kampeni ile bila kulisema hilo itakuwa inawadhulumu marehemu. Karibu na Karonga, kusini mwa Mto Songwe, alikaa Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watu. Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde waliokuwa wamejificha katika matete ya Kambwe, wakayatia moto. Aliyekwepa moto alikutana na bunduki, aliyekwepa bunduki alikutana na mamba. Waliosalimika walikimbilia kaskazini kwa Wanyakyusa, ndugu zao wa lugha na mila. Kampuni ya Kiskoti ya African Lakes ikaingia vitani na Mlozi. Kapteni Lugard, yuleyule aliyekuja kuitawala Nigeria, alijeruhiwa hapo mwaka 1888.

Kwa hiyo meli ya kupinga utumwa ilikuwa na kazi. Lakini awali ilikusudiwa Ziwa Victoria. Kuipeleka huko kwa mabega ya wapagazi kutoka pwani kulishindikana, ndipo vipande vyake vikazungushwa hadi mdomo wa Zambezi, vikapandishwa Mto Shire, vikabebwa nchi kavu pale penye maporomoko, kisha vikaunganishwa. Ilipoanza kuelea, Songwe ilikuwa tayari mpaka kati ya Waingereza na Wajerumani kwa mkataba wa Julai 1890, na Mlozi alikuwa upande wa Waingereza. Aliyemmaliza ni Harry Johnston, mkuu wa utawala wa Waingereza huko, aliyemnyonga Desemba 1895. Meli ya waumini wa Ujerumani ilisaidia kuwabeba askari wake. Kwa lengo lililoandikwa kwenye tiketi, sijui safari nyingine iliyolikaribia zaidi kuliko hiyo.

Siku nyingi zaidi ilikuwa meli ya serikali. Ilibeba askari, maofisa, barua na bidhaa, ikaifanya Langenburg iwezekane. Kutoka boma hilo amri zikaanza kuwafikia malafyale, yaani machifu, wa Kyela na vilima vya nyuma yake, ambao kampeni ya Köln haikuwahi kuwatumia hata sentensi moja. Mwaka 1897 baadhi ya Wanyakyusa wa mashariki na Wakinga walipigana na Wajerumani. Mwaka uliofuata kodi ya nyumba ikaanza kutozwa katika koloni zima. Baadaye boma lilihamishiwa Tukuyu, palipoitwa Langenburg Mpya, kwa kuwa homa ya ziwani iliwaua wageni.

Mwaka uleule wa bahati nasibu ujumbe mwingine wa dini ulikuwa unafika ufukweni, na huu wenyeji waliupata ana kwa ana. Mwaka 1891 Wamoraviani, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walifungua kituo Rungwe, na Walutheri wa Misheni ya Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky wakaanza kazi upande wa mashariki. Hawa iliwabidi waombe ardhi, wajifunze Kinyakyusa na kumwita Mungu kwa jina la Kyala walilolikuta. Ilibidi pia wavumilie kujibiwa. Mtu akiambiwa aache wake wawili kati ya watatu, ana maswali, na maswali hayo hayakuwahi kuulizwa Gürzenich. Makanisa ya Moraviani na Dayosisi ya Konde ya KKKT ndiyo matunda ya mazungumzo hayo marefu.

Mmisionari mmoja Mmoraviani, Elise Kootz-Kretschmer, aliyefanya kazi Utengule ya Usafwa, aliandika masimulizi ya wanawake waliowahi kuwa watumwa katika ukanda wa kati ya Nyasa na Tanganyika. Mwanahistoria Marcia Wright aliyachapisha upya mwaka 1993. Bibi Narwimba na Chisi wanaosimulia humo hawafanani na picha za Gott will es!. Misafara ya pwani imo, lakini yamo pia mashambulizi ya majirani, mtoto anayetolewa kuwa fidia ya kesi, mjane anayetafuta mwanamume wa kumkinga ili asiuzwe. Hatari ilikaa nyumbani pia, na hakuna manowari inayoweza kuilipua hiyo.

Serikali iliyoingia kwa fedha za kupinga utumwa haikuufuta utumwa. Biashara ya misafara iliipiga marufuku. Lakini mtu kuwa na mtumwa nyumbani kuliendelea kuwa halali: mtumwa angeweza kujikomboa kwa kulipa, na watoto waliozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 walihesabiwa kuwa huru. Basi. Mabwana wa mashamba na majumbe wa pwani walihitajika katika utawala, na hakuna gavana aliyetaka kuwaudhi. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na Waingereza.

Meli yenyewe umaarufu wake ulitokana na jambo jingine kabisa. Tarehe 13 Agosti 1914 Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen aliikuta Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, akaipiga mzinga na kuilemaza. Nahodha wake, Berndt, aliyekuwa rafiki wa Rhoades wa kunywa naye, hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zina vita. Alipiga makasia hadi kwenye Gwendolen kwa hasira kumuuliza mwenzake kama amelewa, akatekwa.

Kilichodumu ni mchango wa kanisani. Novemba 1890 Papa Leo wa 13 aliagiza sadaka ikusanywe kila sikukuu ya Epifania kwa ajili ya kazi ya kupinga utumwa Afrika. Katika makanisa ya Kikatoliki ya Ujerumani sadaka hiyo hutolewa mpaka leo kila Januari, siku ikiitwa Siku ya Afrika, na sehemu kubwa ya fedha zake husomesha mapadri na watawa wa Kiafrika.