Utafiti wa pamba, Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 makao yake makuu yakiwa Bariadi, huongoza nchini Tanzania kwa uzalishaji wa pamba, ila mbegu zake hutafitiwa Ukiriguru, wilayani Misungwi, Mwanza. Soko la pamba lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, utaratibu wa kutenga mbegu kwa kanda ulivunjika: viwanda vya kuchambulia vilinunua pamba popote, aina zikachanganyika, na mbegu za manyoya zikamrudia mkulima bila asili yake kujulikana. Hapo mtafiti hata awe hodari vipi, kazi yake hupotelea kiwandani. Aina ya UK91, iliyotolewa mwaka 1991, ilidumu mashambani zaidi ya miaka 20. Sheria Na. 10 ya mwaka 2016 iliunda Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), inayosimamia Ukiriguru.