Jina la Herufi Tisa katika Sanduku la Herufi Nane



Muhula uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili hapa Arua aliniletea CD kuukuu aliyoiokota katika kabati la vitabu. Alikuwa ameifungua katika kompyuta ya shule, na uso wake ulionyesha mshangao uliochanganyika na huruma. "Mwalimu," akauliza, "huyu aliyeandaa diski hii hakujua tahajia? Ameandika KISWAHIL."

Nilitazama skrini. Palikuwa na faili lililoitwa KISWAHIL.DOC, na chini yake METHA000.DOC na METHA001.DOC. Ilinibidi nikiri kwamba mwandaaji ni mimi mwenyewe, nilipokuwa chuoni nikisomea ualimu. Tahajia niliijua. Nilichokuwa sijakijua ni historia ya sanduku nililotumia kufungashia masomo yangu, na historia hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia leo.

Mwaka 1985 wawakilishi wa makampuni ya kompyuta walikutana katika hoteli moja ya Nevada, Marekani, iliyoitwa High Sierra. CD ilikuwa imeshazoeleka kwa muziki. Swali lilikuwa ni vipi iweze kubeba mafaili yatakayosomeka katika kompyuta ya aina yoyote. Makubaliano yao yalizaa kanuni ya kimataifa ya mwaka 1988 inayojulikana kama ISO 9660. Ili hata mashine dhaifu kuliko zote iweze kusoma, ngazi ya kwanza ya kanuni hiyo iliruhusu herufi kubwa A hadi Z, tarakimu na kistari cha chini tu. Jina la faili lisizidi herufi nane, kisha nukta, kisha herufi tatu.

Hesabuni sasa: K-i-s-w-a-h-i-l-i. Ni herufi tisa. Jina la lugha yetu lilizidi kwa herufi moja, na hakuna aliyekusudia hivyo. Sidhani kama kuna mtu chumbani mle aliyekuwa na haja ya kulihesabu.

Kanuni pekee haifungashi kitu. Mwaka 1993 Eric Youngdale aliandika programu ndogo iitwayo mkisofs. Haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Unaiandikia amri kwa maneno, nayo hutenda. Kazi yake ni kuchukua folda nzima na vilivyomo, kuvipanga kama vitakavyokaa katika diski, na kutoa faili moja kubwa ambalo ni taswira kamili ya diski hiyo. Taswira huanza na baiti 32,768 zilizotengwa, mfano wa kibaraza mbele ya nyumba. Kisha huja maelezo ya jina la diski na mahali yaanzapo mafaili. Baadaye programu nyingine huichoma taswira hiyo katika CD. Majina mawili yakigongana baada ya kukatwa, mkisofs huyatenganisha kwa tarakimu. Ndivyo methali_kwanza na methali_pili zilivyogeuka METHA000 na METHA001, kama wafungwa waliopewa namba.

Dawa ilikuwapo, nami sikuijua. Watu wa Unix walikuwa wamebuni nyongeza iitwayo Rock Ridge, na Microsoft nao wakaleta Joliet, ili majina marefu yahifadhiwe kando ya yale mafupi. Katika amri ya mkisofs, nyongeza hizo huombwa kwa herufi mbili tu, R na J. Nilizisahau hizo mbili, nikapoteza nyingi.

Huenda mkauliza: kwa nini kuhangaika na diski wakati intaneti ipo? Kumbukeni kwamba nyaya za baharini za SEACOM zilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 tu. Kabla ya hapo, kupakua CD moja ya megabaiti 700 kwa modemu ya simu kungechukua zaidi ya siku nzima bila kukatika, na hapa West Nile, tulioishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, umeme wenyewe ulikuwa na ratiba yake. Programu iliyofungashwa vizuri iliweza kupanda basi Kampala, ikavuka Nile Pakwach, ikashuka Arua, ikaendelea hadi Koboko karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Ilijisakinisha huko bila kuuliza chochote kwa yeyote aliye mbali.

Kuanzia mwaka 2005 mradi wa Ubuntu ulituma CD za mfumo wake bure hadi nchi za mbali, gharama ya posta ikiwa juu yao, hadi huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2011. Hata jina lenyewe ni la jamaa zetu: ubuntu wa lugha za Kinguni na utu wa Kiswahili ni tumbo moja. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo la uraia pia. Katiba ya Uganda, kwa marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha rasmi isiyoenea katika jina la faili ina safari ndefu.

Hata mkisofs ilikuwa na ugomvi wake wa kisheria. Mwaka 2006 wasanidi wa Debian walihitilafiana na Jörg Schilling, aliyekuwa akiitunza wakati huo, kuhusu leseni. Wakachukua nakala ya awali na kuiendeleza kwa jina genisoimage. Hiyo ndiyo niliyokuwa nayo chuoni, na ndiyo tuliyoitumia na mwanafunzi wangu alasiri ile. Aliandika mwenyewe:

genisoimage -R -J -o masomo.iso masomo

Tulichoma CD mpya. Safari hii jina lilitoka zima, herufi zote tisa, na methali zikarudishiwa majina yao. Ijumaa aliipeleka nyumbani kwao Koboko.

Jumatatu alirudi nayo. Kompyuta ya binamu yake, alisema, ni mpya mno; haina mahali pa kuingizia CD. Tukainakili taswira ile ile katika flashi, naye akaiweka mfukoni.