Mtoto wa Mapajani na Mtoto wa Kiti



Waandalizi wa kijitabu hiki wameniomba niandike juu ya safari za watoto wetu kwa ndege. Bila shaka walitaraji mambo mepesi, kama vile nani alilia kutoka Nairobi hadi London bila kupumzika na nani alimwaga maziwa juu ya kanzu ya abiria wa jirani. Hayo yapo, na baadhi nitayagusia. Lakini nilipokaa kuandika nilijiona sina budi kuanza na kosa lililochapishwa katika kijitabu cha mkutano wetu uliopita. Iliandikwa humo kuwa kaka yangu mkubwa alibaki Unguja mwaka 1974 kwa sababu alishikwa na surua wiki ya safari. Hivyo ndivyo sote tulivyokuwa tukiambiwa. Marehemu Mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akisema hivyo, na hakuna aliyethubutu kumhoji. Baada ya Mama kututoka mwaka 2011 nililifungua kasha lake, nikakuta barua ya Baba na kipande cha tikiti. Surua haikutajwa popote.

Nianze mbali kidogo. Wazee wetu waliotoka Oman kwenda Unguja walisafiri kwa jahazi pamoja na pepo za kaskazi, zinazovuma kuanzia Disemba hadi Machi hivi, na waliotaka kurudi walingoja kusi. Safari ilikuwa ya wiki kadhaa. Mwaustralia Alan Villiers, aliyesafiri na mabaharia wa Kuwait mwaka 1938 na 1939 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1940, alieleza jinsi abiria wanawake walivyokaa wamefichwa chini, katika chumba kisicho na hewa wala mwanga wa kutosha. Tusiwaonee kijicho waliosafiri namna hiyo. Hata hivyo sijapata kumsikia mzee yeyote wa ukoo akisema kuwa nahodha alimuuliza mama mtoto wake ana miezi mingapi. Hata katika meli za Kampala na Karanja, zilizokuwa zikifika pwani yetu kutoka Bombay, familia ilikunja mikeka yake ikapanda, na aliyelala juu ya mkeka alihesabiwa pamoja na mkeka.

Ndege ndiyo iliyotuletea hesabu ya umri. Kanuni ya mashirika ya ndege ya zama zile ilikuwa hivi: mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hukaa mapajani mwa mzazi na hulipiwa sehemu ya kumi ya nauli, na mtoto wa kuanzia miaka 2 hadi kabla ya 12 hupewa kiti na hulipiwa nusu. Tena mtu mzima mmoja huruhusiwa mtoto mmoja tu mapajani. Akiwa na mapacha, hana budi pacha mmoja alipiwe kiti. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ubaya wa mtu, maana kiti ni kiti na ndege ina uzito wake. Lakini mpaka ule wa miaka 2 ulipita katikati ya nyumba nyingi za ukoo huu, na upande mtoto alioangukia ndio ulioamua atalelewa na nani na atamwita nani mama.

Tazameni sasa mambo yalivyokuwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu wetu walianza kutawanyika. Tarehe 23 Julai 1970 Sultani Qaboos alishika madaraka nchini Oman, akawaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi. Aghalabu wanaume ndio waliotangulia. Baba alitangulia mwaka 1972, akapata kazi ya ukarani Maskati, akalala chumba kimoja na wenzake wanne huku akiweka akiba. Alirudi kututazama mara moja tu, na mimi ni tunda la likizo hiyo. Kwa hiyo ilipofika Agosti 1974 Mama alikuwa na watoto wawili. Kaka alikuwa na miaka 3 na miezi 2, nami nilikuwa na miezi 8.

Barua ya Baba ina kurasa mbili. Ya kwanza ni salamu kwa kila mtu kwa jina lake, kama ilivyokuwa ada. Ya pili ina maelezo ya njia: Dar es Salaam hadi Nairobi, Nairobi hadi Karachi, Karachi hadi Dubai, Dubai hadi uwanja mpya wa Seeb, uliofunguliwa mwaka uliotangulia. Pembeni mwa ukurasa huo, kwa kalamu ya risasi, kuna hesabu. Ameandika 1, chini yake 1/10, chini yake 1/2, akajumlisha. Kisha ameikata ile nusu kwa mstari na kujumlisha upya. Nimeitazama hesabu ile mara nyingi kuliko nilivyousoma waraka wenyewe. Hakuandika neno lolote kando yake. Katika barua alisema tu: "Mlete mdogo. Mkubwa atafuata, inshallah, mambo yakikaa sawa."

Hiyo ndiyo surua iliyombakisha kaka yangu.

Sisemi haya kumlaumu Baba. Alikuwa na fedha za nauli moja na sehemu ya kumi, na hakuwa na za moja na sehemu sita za kumi. Angeweza kungoja, lakini angengoja sana, mimi pia ningetimiza miaka 2, na hapo tungehitaji nauli mbili kamili kwa watu watatu. Kwa hesabu ya kalamu ya risasi aliona sawasawa.

Bibi hakutaka tupande ndege kabisa. Mnamo tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ilianguka ilipokuwa ikiruka Addis Ababa, watu 43 wakafariki, na Bibi aliisikia habari ile redioni na hakuisahau. Tuliyoipanda Nairobi ilikuwa VC10 vilevile. Mama alikuwa akisema kuwa aliposikia jina hilo uwanjani miguu ilimlegea. Alipoketi alistaajabu jinsi ndani kulivyokuwa kimya, kwani injini zake zote nne ziko nyuma, kwenye mkia. Mimi nililala katika susu iliyotundikwa ukutani mbele ya viti, na yeye akakaa macho usiku kucha na mkono wake juu yangu, akihofu isianguke.

Alichobeba nakijua chote, kwani alipenda kukihesabu: winda kumi na mbili za kitambaa na pini zake, kanga mbili, moja ya kunibebea na moja ya kujifunika wakati wa kunyonyesha, chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, unga wa uji katika kopo la maziwa ya unga, na vyeti vyetu viwili vya chanjo, cha ndui na cha homa ya manjano. (Cha ndui vijana hamkijui. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kuwa ndui imetokomea, na vyeti vyake vikawa kumbukumbu.) Winda zilizochafuka alizifua Karachi katika sinki la choo cha uwanja, akazianika juu ya viti vya chumba cha kungojea, na mama mmoja wa Kihindi asiyejua Kiswahili wala Kiarabu alinipakata saa nzima ili yeye alale. Hawakujuana majina.

Kaka akabaki Ng'ambo kwa Bibi. Mambo yalipokaa sawa, kama Baba alivyoandika, ilikuwa mwaka 1977. Nusu nauli ilikuwepo. Lakini mwanzoni mwa mwaka huo Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, usifunguliwe tena hadi 1983. Njia tuliyoijua ikakatika. Ikaongezeka shida ya ruhusa ya kutoka na shida ya fedha za kigeni, na miaka ikaenda. Kaka alikuja Maskati mwaka 1981, mtoto wa miaka 10, peke yake, amevishwa kibandiko shingoni chenye jina lake na namba ya simu ya jirani yetu, na mkononi ana begi jekundu. Akamwamkia Baba, kisha akamgeukia Mama akasema, "Shikamoo, Dada." Kwani Bibi ndiye aliyekuwa akimwita Mama, na mama zetu wadogo, kila walipomtaja aliyeko Maskati, walisema Dada. Mama aliitikia marahaba. Hakumsahihisha siku ile wala mwezi ule.

Nimewapigia simu wazee na binamu wa matawi yetu matatu, nikahesabu. Kati ya mwaka 1970 na 1985 watoto saba wa ukoo huu waliachwa nyuma na mama zao, na wote saba walikuwa wamevuka miaka 2. Hakuna hata mmoja aliyekuwa wa mapajani. Kila nyumba ina sababu yake ya kusimulia: surua, shule, Bibi alimng'ang'ania, mtoto mwenyewe alikataa kupanda. Huenda baadhi ya sababu hizo ni za kweli. Lakini saba kwa saba si jambo la sadfa, nami nadhani umefika wakati wa kulisema.

Mpaka huohuo ndio uliotuzalia mila ambayo vijana huidhani ni ya dini au ya Kiarabu: kumpeleka mtoto kwa bibi yake kabla hajatimiza miaka miwili. Si ya dini wala ya Kiarabu. Ni ya sehemu ya kumi. Wa London, wa Cardiff na wa Toronto, kila mzazi alikuwa akihesabu miezi, na mtoto akifika wa ishirini au ishirini na moja tikiti inatafutwa. Ni umri mbaya kuliko yote wa kusafiri saa nane, kwani mtoto ameshajua kukimbia na hajajua kusikia. Ndani ya ndege moshi wa sigara ulikuwa haukwepeki mpaka miaka ya 1990; mwaka 1992 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ndilo lililotoa azimio la kutaka ukomeshwe ifikapo 1996. Kilio kilichotuaibisha sote, kile cha ndege inapoteremka, hakikuwa cha utundu. Hewa ya ndani ya ndege angani huwa nyepesi, kama ya mlimani, na ndege inaposhuka hewa hurudi kuwa nzito na kuisukuma ngoma ya sikio. Mtu mzima humeza mate sikio likazibuka, lakini mtoto aliyelala hamezi. Mama alilijua hilo bila kusoma popote. Alikuwa akituambia tumwamshe mtoto mapema, kabla ndege haijaanza kushuka, na tumpe titi au chupa.

Nami niliifuata mila. Mwaka 1998 nilimpeleka binti yangu Maskati, akiwa na miezi 23, akiwa bado ameandikwa katika pasi yangu ya Uingereza. Ilikuwa miezi michache kabla ya tarehe 5 Oktoba, ambapo kila mtoto alianza kutakiwa kuwa na pasi yake. Tulikaa wiki tano. Siku ya kurudi, karani wa shirika la ndege aliifungua pasi, akatazama tarehe ya kuzaliwa, akatazama kalenda. Binti yangu alikuwa ametimiza miaka 2 siku nne kabla. Hakuna aliyenionya nilipokata tikiti, ingawa tarehe zote mbili zilikuwa mbele ya macho ya aliyeniuzia. Karani akasema kwa upole kuwa mtoto hawezi kurudi mapajani, alipiwe kiti, na fedha ziwe taslimu. Sikuwa nazo. Mama alianza kusema kwa sauti ndogo kuwa si kitu, mtoto anaweza kubaki kwake mpaka Disemba, yeye atamtunza.

Kaka alikuwa ndiye aliyetuleta uwanjani. Alimkatiza Mama, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya kabla wala baada ya hapo. Alisema, "Huyu habaki." Akatoka kwenda kutafuta fedha, akarudi baada ya nusu saa na jasho, akazihesabu mbele ya karani. Hakuniruhusu kumlipa hadi leo. Mama alikwenda kuketi kwenye benchi la mbali, akatupa mgongo.

Yaliyofuata baada ya hapo ni madogo. Mwezi Agosti 2006, hofu ya vilipuzi vya majimaji ilipoukumba uwanja wa London, wazazi waliamriwa kuyaonja maziwa ya watoto wao mbele ya mlinzi kabla ya kupanda, na mdogo wetu wa mwisho alikunywa nusu ya chupa ya mwanawe kwa wasiwasi. Hicho ni kichekesho cha kusimuliana mezani.

Nilimsomea Kaka makala haya kwa simu kabla ya kuyapeleka kwa wahariri, nikiwa tayari kuyafuta akisema niyafute. Alinyamaza muda. Kisha akanisahihisha jambo moja tu: begi lilikuwa la kijani. Nimeliacha jekundu, kama Mama alivyokuwa akilisimulia. Begi lenyewe bado analo na amesema atakuja nalo mkutanoni, pamoja na kile kibandiko, ili tuamue.