Malaika wa mama aliyefiwa

Katika mazishi ya mtoto mchanga huku Kericho na Bomet, hukosi kusikia mtu akisema: "Sasa ni malaika." Wapo wahubiri wanaokereka. Wana hoja: katika Biblia na Kurani, malaika aliumbwa malaika, hakuwahi kuwa mtu.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, tena la wingi. Umoja wake ni malak. Sisi tunalitumia kwa mmoja na kwa wengi. Ni ndugu wa mal'akh la Kiebrania, yaani mjumbe. Angelos la Kigiriki lina maana iyo hiyo.

Je, kabla ya wamishenari Wakipsigis walikuwa na nani? Walimwomba Asis, na karibu nao walikuwako oiik, roho za jamaa waliokufa. Mtoto alipozaliwa, kina mama walitaja majina ya wahenga mmoja mmoja hadi kitoto kipige chafya. Jina lililotajwa hapo likawa lake. Basi aliyekufa hakuwa mgeni wa mbinguni, alikuwa nyanya au babu.

Naona neno la Kiarabu limepewa kazi ya oiik: kumweka marehemu karibu na nyumbani.

Na Kiswahili chenyewe kinamtetea mama huyo. Kamusi zetu zinakubali kwamba malaika pia ni mtoto mchanga. Fadhili William naye alipoimba "Malaika", alimwimbia mpenzi. Kwa hivyo mhubiri afundishe dini yake Jumapili. Kaburini, jamani, asimsahihishe mama Kiswahili.